Koplo na Sajini Hawataki Kulala

Makindye, Kampala
4 Februari 1973

Kwako Shangazi Kaltumi,

Asalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute goti lako limetulia na kuku wako wanataga. Huku hatujambo. Mjukuu wako Amito ameingia darasa la tatu na meno mawili ya mbele yameng'oka, basi akisema "salamu kwa bibi" tunajifuta uso. Rosalba, jirani yetu mke wa askari magereza, yule aliyekupikia mboga ya malakwang kwa karanga, naye anakusalimu. Bado anasimulia kwamba unakula kama ndege na kuongea kama kasuku. Sukari ni ya kusikia tu, sabuni tunakata vipande vidogo kama dawa, lakini tunakula na tunacheka, tushukuru Mungu.

Sasa shida yangu, na usinicheke. Ni paka.

Unamkumbuka yule paka jike ambaye mume wangu Ongom alimleta kutoka Mengo, kwa sababu ya panya waliotafuna kamba za dhahabu za sare yake ya bendi ya jeshi? Alizaa mwezi wa kumi na mbili, tena ndani ya sanduku la sare ile ile. Watoto wawili. Ongom aliwapa vyeo siku hiyo hiyo: mweusi Koplo, wa madoa Sajini. Mama yao alipowaachisha kunyonya akahamia jikoni kwa Rosalba kwenye mifupa, akaniachia mimi jeshi lake.

Shangazi, hawa viumbe mchana wamelala kama wagonjwa. Taa ikizimwa tu, gwaride linaanza. Wanakimbizana juu ya kabati, wanaangusha vifuniko vya sufuria, wananing'ata vidole vya miguu kupitia blanketi. Baya zaidi ni mlango. Wanaukwaruza, taratibu, kama mtu anayetaka kufunguliwa bila majirani kusikia. Naruka, nafika mlangoni nakuta ni Sajini, ananitazama kama mimi ndiye mwenye makosa. Nikirudi kitandani usingizi umeshakwenda zake, nakaa hivyo mpaka kunapambazuka.

Nifanyeje? Nakuuliza wewe uliyefuga paka tangu reli ilipofika Kisumu.

Ni mimi mwanao mwenye macho mekundu,
Halimah


Kibos, Kisumu
25 Februari 1973

Mwanangu Halimah,

Waaleikum salaam. Barua yako imekawia njiani, na bahasha imepakwa gundi mara mbili, gundi yako na ya mtu mwingine. Basi nawasalimu na wote walioisoma kabla yangu, natumaini nao hawajambo na watoto wao.

Mimi mzima. Goti linauma mvua ikikaribia, kwa hiyo majirani wananiuliza mimi badala ya redio. Kuku wanne wanataga, wa tano anajifanya. Na reli ilipofika Kisumu mimi sikuwa nimezaliwa, hata mama yangu alikuwa hajavunja ungo. Ukilirudia hilo nitapanda basi nije na fimbo.

Habari ya paka. Huyo mtoto wa paka analala mchana kutwa, usiku ana nguvu zake zote, ulitaka azipeleke wapi? Usimwache alale mchana, mwamshe, mtume-tume. Jua likizama mchezeshe kwa kamba, mkimbize chumba kizima mpaka aanguke ubavu akihema. Chakula chake cha mwisho usimpe saa ya magharibi, mpe mnapokwenda kulala ninyi, maana paka aliyechoka na akashiba hana neno tena. Mtandikie gunia karibu na jiko lenye joto. Na akilia au akikwaruza, usiinuke! Hilo ndilo kubwa. Ukiinuka mara moja umemfundisha kwamba kukwaruza kunaleta mtu, na atakwaruza mpaka azeeke.

Halafu wabadilishe majina, wewe mtoto! Siku hizi, hapo Makindye na kambi ile ya jeshi pale juu, unasimama uani unapiga kelele "Sajini, mwizi mkubwa wewe, nitakuchapa kandambili"? Una akili kweli?

Lakini kuna kitu kimoja hakiniingii. Nilipokuja mwaka juzi, Amito alipougua surua, nililala chumba cha pili, ukuta wa matofali katikati, na usiku wa kwanza nilidhani behewa limeingia ndani ya nyumba. Mkwe wangu Ongom anapuliza lile tarumbeta kubwa la bendi mchana, usiku analiendeleza bila tarumbeta. Anavuta pumzi ndefu kama anayesukuma lori mlimani, ananyamaza mpaka unaanza kumsomea shahada ingawa ni Mkristo, halafu anaachia lote kwa pamoja na madirisha yanajibu. Ulikuwa unamgeuza ubavu, anaanza upya. Sasa wewe, kando ya ngoma hiyo, unasikia ukucha wa paka mlangoni? Masikio yamekuwa makali hivyo lini? Au amepata dawa ya kukoroma? Kama ameipata, mwambie anitumie na mimi, kuna mwanamume jirani hapa nimempania.

Msalimie sana. Mwambie jogoo niliyemwekea bado anamngoja.

Shangazi yako,
Kaltumi


Makindye
18 Machi 1973

Shangazi mpendwa,

Asalaam aleikum. Tumepata barua yako na tumecheka. Amito hajambo, anakuomba jogoo huyo usimchinje bila yeye. Naomba sana, usiwasalimu watu usiowajua.

Dawa yako nimeitumia. Mchana Amito akitoka shule anawaamsha paka kwa kuwapigia sahani, jioni anakimbia uani na kamba ya katani na kipande cha kitambaa chekundu, Koplo na Sajini nyuma yake, kuku wa Rosalba mbele yao wote. Juzi Koplo aliruka akakosa kamba, akatua ndani ya karai la nguo za mume wa Rosalba, maji yote ya buluu. Sasa tuna paka mweusi mwenye tumbo la buluu. Usiku nawapa dagaa na maji ya matoke, nawalaza kwenye gunia la maharage. Wanalala mpaka usiku wa manane hivi. Ni maendeleo.

Sharti moja tu limenishinda, lile la kutoinuka. Wakikwaruza mlango siwezi kulala nikauacha. Najua ni paka. Naambia miguu yangu ni paka, miguu haisikii.

Kuhusu kukoroma, ni kweli, siku hizi nyumba imetulia. Ongom ana kazi nyingi. Tuyaache hayo.

Mwanao,
Halimah


Kibos
1 Aprili 1973

Halimah,

Barua hii haina stempu. Anakuletea Erinayo, yule karani wa feri ya reli inayobeba mabehewa kutoka Kisumu mpaka Port Bell. Namjua tangu marehemu mume wangu akiwa hai, na hafungui bahasha ya mtu. Amebeba pia kikapu cha dagaa wa omena kwa ajili ya hao paka wako, ili akiulizwa awe na la kusema.

Nimesoma barua zako mbili mara nyingi mpaka zimechanika kwenye mikunjo. Umeniandikia habari za paka, za sabuni, za karai la Rosalba. Mume wako umempa mstari mmoja, tena unatembea haraka-haraka juu yake. Mimi si mtoto. Nyumba yenye Ongom ndani yake haiwezi kusikia paka.

Hakoromi kwa sababu hayumo kitandani. Yuko wapi?

Nijibu kwa mkono wa Erinayo. Mzaha nimeuweka kando leo.

Kaltumi


Makindye
8 Aprili 1973

Shangazi wangu,

Hata salamu zimenishinda. Erinayo amekaa jikoni anakunywa chai kavu, ananingoja nimalize.

Sijui yuko wapi. Ndiyo jibu lenyewe, sina jingine.

Ilikuwa katikati ya Januari. Walikuwa wanafanya mazoezi ya bendi, akaja mtu na karatasi, akaanza kuwaita watu pembeni. Waliokuwa wakiitwa wote walikuwa Waacholi, kama Ongom, na Walango, na siku hizi wakiitwa hivyo hawarudi. Mwenzake wa ngoma ndiye aliyenisimulia, kwa kunong'ona, sokoni, akijifanya anachagua nyanya. Anasema Ongom aliliweka chini tarumbeta lake taratibu, akasema anakwenda kunywa maji, akapita jikoni kwa wapishi akatokea nyuma. Baada ya hapo hakuna aliyemwona. Wengine wanasema alikamatwa getini, wengine wanasema hakufika getini. Alikuwa na sare mwilini na shilingi chache za mkate.

Nimekwenda kule watu wanakokwenda kutafuta watu wao. Nimefunika pua kwa leso, nimeangalia nyuso. Hakuwamo. Nilishukuru, halafu nikalia njia nzima, kwa sababu waliokuwamo ni waume wa watu.

Watu nimewaambia amekwenda Kitgum kwenye msiba. Hata Amito anajua hivyo. Ni msiba mrefu sana huo, Shangazi, na Rosalba ameacha kuniuliza utaisha lini. Anakuja tu na bakuli la unga, anaweka, anaondoka.

Wale wanaokamata watu walikuja hapa mchana mmoja. Wawili, mashati ya maua, miwani myeusi. "Mama, bwana yuko wapi?" Nikasema msibani. Mmoja akapiga magoti atazame chini ya kitanda, akavuta sanduku la sare, akafungua. Koplo na Sajini walikuwa wamelala humo. Shangazi, waliruka wote wawili usoni kwake! Yule bwana alipiga yowe kama bibi harusi aliyeona nyoka, miwani ikaruka, Sajini akampanda mguu wa suruali mpaka kiunoni na kucha zake zote. Mwenzake alicheka mpaka akashika ukuta. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, meno yangu yakigongana. Wakaenda zao na damu kidogo na aibu nyingi, na hawajarudi. Siku hiyo niliwapa paka wale nyama yangu yote.

Kwa nini sikukuambia? Kwanza posta. Halafu niliogopa kuiandika. Niliona nikikuandikia vituko vya paka tu, utacheka, hutauliza, na mimi nitakuwa na mahali pamoja duniani ambapo Ongom bado yuko nyumbani, kwenye kichwa chako, huko Kibos. Sikukumbuka kabisa kukoroma kwake. Miaka yote tuliyooana nilikuwa nakulalamikia kukoroma, na siku ya kuficha ndiyo nikakisahau kitu hicho!

Sasa unajua kwa nini siwezi kutoinuka. Akirudi atarudi usiku, na hatabisha hodi. Atakwaruza.

Niombee.
Halimah


Makindye
13 Mei 1973

Shangazi mpendwa,

Asalaam aleikum. Sisi wazima. Omena zimeliwa zote, asante, hata mimi nilikula. Amito anasoma vizuri.

Majina tumebadilisha kama ulivyoagiza. Amito aliwaita Sukari na Chumvi, kwa sababu ndivyo vitu vilivyopotea mjini. Ni kosa kubwa kuliko la kwanza. Jioni nikisimama uani nikaita "Sukari! Sukari, rudi!" milango yote inafunguka, mama mmoja alitoka na debe kabisa. Tumerudia majina ya zamani, ila tunayanong'ona.

Nimeamua kuwagawa. Rosalba ana dada yake huko Wandegeya, anauza chakula kwa wanafunzi na panya wanamsumbua, atawachukua mwisho wa mwezi ujao. Usinigombeze. Kila usiku wananiinua, kila usiku nafungua mlango, kila usiku hakuna mtu. Nimechoka kufungulia hewa. Bora nyumba iwe kimya kabisa, nijue moja.

Mwanao,
Halimah


Kibos, Kisumu
3 Juni 1973

Mwanangu Halimah,

Waaleikum salaam. Waliofungua bahasha hii leo siwasalimu, sina nguvu. Sijalala.

Maana sasa zamu ya kulalamika ni yangu, na wewe utulie usikilize. Ulikuwa unalia kwa paka wawili wadogo? Paka! Mimi leo usiku wa tano sijafumba jicho. Kuna kukoroma ndani ya nyumba hii ambako sijakusikia tangu mwaka juzi. Wa kukoroma simtaji, kwa sababu mimi ni mjane mwenye heshima zangu, na majirani wameanza kuulizana kama nimeolewa kizeeni. Yule mwanamume niliyekuwa nimempania amekasirika, hanisalimii tena.

Inavutwa pumzi ndefu, kama ya kusukuma lori mlimani. Kisha kimya, mpaka naanza kusoma shahada kwa ajili ya mtu asiyeihitaji. Kisha inaachiwa yote, na madirisha yanajibu. Nimegeuza ubavu wa kulia, nimegeuza wa kushoto, inaanza upya. Nimetia pamba masikioni. Kuku wamegoma kutaga, wote watano sasa, na jogoo anawika saa zisizo zake kwa kuchanganyikiwa.

Na kula! Sufuria nzima ya ugali na samaki mzima. Miguu ina malengelenge, naiosha kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, imetembea mbali sana miguu hiyo, kwa miezi, na mara nyingi usiku. Mwili umebaki nusu, nguo za marehemu mume wangu zinampwaya. Lakini mapafu hayakupungua hata kidogo. Akikaa mezani anapiga vidole, moja mbili, moja mbili, mpaka nampiga mwiko.

Alipofika alikwaruza mlango. Nikadhani ni paka, nikakumbuka maneno yangu mwenyewe, nikasema siinuki. Akakwaruza tena. Nikakukumbuka wewe, nikainuka.

Hao paka usiwagawe. Shule zikifungwa, njoo na Amito kunitembelea, mimi ni mgonjwa wa kukosa usingizi na ninahitaji mtu wa kunisaidia kugeuza ubavu. Njooni na kikapu chenye kifuniko. Mtu mmoja hapa ananiuliza kila siku habari za Koplo na Sajini, na swali lake la kwanza ni kama wanakulinda.

Shangazi yako aliyechoka,
Kaltumi


Makindye
17 Juni 1973

Shangazi wangu, mama yangu,

Asalaam aleikum, asalaam aleikum, nakusalimu mara mbili leo.

Barua yako niliisomea jikoni, nimesimama, nikajikuta nimekaa chini sakafuni kati ya viazi. Nilicheka mpaka Rosalba akaja mbio akidhani nimepata wazimu. Nikamwambia shangazi yangu anaumwa, hajalala siku tano. Akanitazama. Halafu akakaa chini na yeye, kwenye viazi, akanishika mkono, akaanza kulia. Amito nimemwambia msiba umekwisha.

Pole sana kwa usingizi wako. Pole ya kweli. Lakini nakuomba kitu kimoja: usimgeuze. Mwache akorome. Toa hiyo pamba masikioni unisikilizie na mimi, usiku mzima, madirisha yajibu, jogoo awike atakavyo. Tutakuja shule zikifungwa, na kikapu tayari Amito amekifumia kifuniko. Dada yake Rosalba atatafuta paka wengine.

Jana usiku Koplo na Sajini waliangusha kabati la vyombo. Kabati zima, Shangazi. Sahani tano zimevunjika, na birika lile la harusi limebonyea. Majirani wa pande zote mbili walitoka nje na tochi, na Rosalba alibisha mlangoni kwangu mpaka akachoka.

Mimi nimeambiwa asubuhi. Nilikuwa nimelala.

Mwanao,
Halimah